Madoa ya Zambarau: Safari ya Dawa za Saratani ya Mishipa ya Damu, Kutoka Mulago hadi Gitega na Muyinga

Nchini Burundi, barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga hupita Karuzi, ikipanda na kushuka vilima vya migomba na kahawa. Ukiuacha mji wa Muyinga nyuma unafika mpaka wa Kobero, na ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Ukielekea upande wa pili, kutoka Gitega hadi Bujumbura ni takriban kilomita 100 za kona na miteremko. Mfanyabiashara huzihesabu barabara hizi kwa mafuta na nauli. Mtu aliyeota madoa ya zambarau mguuni, akaambiwa huenda ni saratani, huzihesabu kwa siku alizobakiwa nazo kabla madoa hayajapanda juu.

Saratani tunayoizungumzia huanzia katika seli zinazotandika upande wa ndani wa mishipa ya damu na ya limfu. Jamii hii ya saratani ina ndugu kadhaa. Angiosarkoma ni adimu, nayo ni kali mno. Daktari wa wilaya anaweza kumaliza miaka yake yote ya kazi asikutane na hata mgonjwa mmoja. Ndugu yake, sarkoma ya Kaposi, ni adimu Ulaya, lakini katika nchi za Maziwa Makuu amekuwa mwenyeji tangu zamani. Dawa zinazomrudisha nyuma zilijaribiwa na kuthibitishwa hapa hapa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Tunaifuata historia hiyo ili tuone kwa nini matokeo ya tiba yamekuwa yakipanda na kushuka kama barabara ya Karuzi.

1872–1961: Jina la Vienna, ugonjwa wa vilimani

Mwaka 1872, huko Vienna, daktari wa ngozi Moritz Kaposi alieleza habari za wanaume watano, wote watu wazima, waliokuwa na vivimbe vyenye rangi kwenye ngozi ya miguu na mikono. Ugonjwa ulipewa jina lake baadaye. Kwa miongo mingi vitabu vya Ulaya viliuandika kama balaa dogo la wazee wa nchi za Mediterania na Ulaya Mashariki. Tiba ilikuwa kisu, na baadaye mionzi.

Hali katika nyanda za juu za Afrika ilikuwa tofauti. Gitega, ambayo Wajerumani waliiita Kitega walipoweka makao yao ya utawala hapo mwaka 1912, ilipita mikononi mwa Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Urundi, yaani Burundi ya leo, ikaunganishwa na Ruanda, na pamoja na utawala mpya zikaja zahanati, hospitali za misheni na daftari za wagonjwa. Humo madaktari walianza kukutana na miguu iliyovimba, nyayo zilizojaa vinundu vyeusi, ngozi iliyokauka kama gome la mti. Mwaka 1957 daktari A. Thijs alichapisha Ubelgiji uchunguzi kuhusu ugonjwa huu katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Jina alilolitumia kwa Kifaransa lilisema waziwazi kwamba hii ni saratani ya mishipa ya damu.

Miaka minne baadaye, mwaka 1961, wataalamu kutoka pande nyingi za dunia walikutana Kampala kuzungumzia sarkoma ya Kaposi peke yake. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba moyo wa ugonjwa uko mashariki ya Kongo na majirani zake. Hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1993 Dkt. John Ziegler alitoa dhana kwamba udongo wa asili ya volkano, ukipenya katika nyayo za wakulima wanaolima pekupeku, hudhoofisha kinga ya miguu. Dhana hiyo haijawahi kuthibitishwa kikamilifu, lakini iliwafanya wanasayansi wautazame mguu wa mkulima kwa makini.

Ugonjwa wa wakati ule ulikuwa na tabia yake. Kwa wanaume wazima ulikwenda polepole, miaka kwa miaka, kwenye miguu na mikono. Kwa watoto ulishika tezi na kuua haraka. Aliyekuwa na bahati alikatwa mguu akaishi. Dawa ya kunywa au ya sindano iliyothibitishwa haikuwapo.

1967–1974: Jaribio la Mulago

Mwanzo wa dawa ulitokana na saratani nyingine. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowashika watoto. Alipoanza kuwapa baadhi yao dawa kama metotreksati na siklofosfamidi, uvimbe wa baadhi yao ulinywea mbele ya macho ya wazazi. Habari ikavuka bahari. Mwaka 1967 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na Chuo Kikuu cha Makerere walifungua Mulago kituo cha kutibu limfoma, chini ya Ziegler, ambaye wakati huo alikuwa daktari kijana. Miaka miwili baadaye kikaongezwa kituo cha saratani za vivimbe vigumu, na sarkoma ya Kaposi ikapata wodi yake.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Sebastian Kyalwazi, miongoni mwa madaktari wa kwanza Waafrika wa upasuaji katika Afrika Mashariki, alikuwa tayari ameandika kuhusu kuutibu ugonjwa huu kwa dawa. Charles Olweny, Charles Vogel na wenzao wakaendesha majaribio yenye utaratibu: wagonjwa waligawanywa kwa kura, vinundu vilipimwa kwa rula, picha zilipigwa kabla na baada. Dawa kuu zilikuwa aktinomisini na vinkristini. Hii ya pili hutolewa katika ua dogo la rangi ya waridi ambalo asili yake ni Bukini, na ambalo leo limepandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu na watu hawajui kwamba ni dawa ya saratani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1974 yaliwashangaza hata waliokuwa na matumaini. Kati ya kila wagonjwa kumi waliopewa mseto wa dawa hizo, zaidi ya wanane walipata nafuu inayopimika: vinundu vilisinyaa, uvimbe ulishuka, mtu akavaa viatu tena. Dunia ilikuwa bado inashuku kama tibakemikali inafaa kwa saratani za vivimbe, nayo Kampala ilikuwa imepata jibu.

Lakini wale madaktari waliandika pia upande mwingine wa hesabu. Nafuu haikuwa kupona kabisa. Kwa wengine madoa yalirudi. Wenye vinundu vya juu ya ngozi walifaidika kuliko wale ambao ugonjwa ulikuwa umezama hadi kwenye mfupa, na watoto wenye ugonjwa wa tezi waliendelea kuwa katika hatari kubwa. Tena kulikuwa na jambo ambalo halikuonekana katika majedwali. Kituo kilikuwa na magari na madereva waliokwenda vijijini kuwatafuta wagonjwa wasiorudi kwa tarehe zao. Dawa ilikuwa nusu ya tiba. Nusu ya pili ilikuwa mtu anayebisha hodi na kusema: tarehe yako imefika, twende.

1972: Mwaka wa kuvunjika

Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker, miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za tiba duniani, ilitolewa kwa waliofungua njia ya dawa za saratani. Burkitt na Ziegler walikuwamo. Mwaka huo huo Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na Wamarekani wakaanza kuondoka Mulago. Olweny akabaki na taasisi mikononi mwake, akiwa Mganda wa kwanza kuiongoza, huku dawa zikipungua na wenzake wakikimbia nchi. Kwamba milango haikufungwa ni sifa yake na ya wauguzi waliobaki naye.

Burundi nayo ilipata msiba wake mwaka huo. Warundi huuita Ikiza. Kati ya Aprili na miezi iliyofuata, watu wengi mno waliuawa, na waliosoma walilengwa kwa namna ya pekee: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, wauguzi. Maelfu walikimbilia Tanzania. Nchi inayopoteza kizazi cha wasomi hupoteza pia madaktari ambao wangezaliwa kutoka katika madarasa yale. Kwa hiyo, wakati matokeo ya Mulago yanachapishwa mwaka 1974, Gitega na Muyinga hazikuwa na wa kuyapokea na kuyageuza kuwa wodi.

1983–1996: Ugonjwa wabadilisha sura

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari waliozoea ugonjwa wa polepole waliona kitu kigeni. Huko Lusaka, mwaka 1983, daktari wa upasuaji Anne Bayley alikuta sarkoma ya Kaposi inayokimbia: madoa mdomoni, kwenye tezi, kwenye mapafu, kwa vijana wa kiume na wa kike, na dawa zilezile zilizokuwa zikiwapa wazee miaka ya nafuu ziliwapa hawa miezi tu. Mwaka huo huo Burundi ilitambua wagonjwa wake wa kwanza wa Sida, ambayo Waswahili wengine huiita UKIMWI. Muda si muda, doa la zambarau kwenye paa la mdomo likawa alama ambayo muuguzi wa Bujumbura aliitambua kabla ya kipimo cha damu.

Hapa lazima tuielewe sababu, maana ndiyo inayofafanua matokeo. Tibakemikali huua seli za saratani, lakini hushusha pia kinga ya mwili. Mgonjwa ambaye kinga yake imekwisha kuliwa na virusi vya UKIMWI (VVU) hana akiba ya kutumia. Vinundu vilinywea, kisha kifua kikuu au homa ya mapafu ikamchukua mtu. Madaktari wengi wakaogopa kuanza tiba, na familia zikaogopa zaidi, kwa sababu doa la usoni lilikuwa tangazo la ugonjwa ambao watu waliunong'ona.

Mwaka 1993, mwaka ambao Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, ndio mwaka ambao Jeanne Gapiya alianzisha ANSS, chama cha kuwasaidia wanaoishi na virusi. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 alisimama kanisani Bujumbura, mahubiri yalipowaita wagonjwa wa Sida watu waliotenda dhambi, akasema mbele ya wote kwamba yeye ana virusi. Hakuwa daktari, lakini tendo lake lilikuwa la kitabibu. Mtu asiyejificha huonyesha madoa yake mapema, na sarkoma ya Kaposi hutibika vizuri zaidi ikionyeshwa mapema.

1994–2012: Virusi viwili na kidonge

Mwaka 1994, huko New York, Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vya nane vya jamii ya malengelenge ndani ya vinundu vya Kaposi. Fumbo la Vienna likafunguka. Virusi hivi husambaa hasa kwa mate, tangu utotoni, na watu wengi katika Afrika Mashariki huishi navyo bila kuugua. Saratani huamka pale kinga inapolala. Ndiyo maana kuinua kinga ni tiba yenyewe.

Mwaka 1996 mseto wa dawa tatu za kupunguza makali ya VVU (ARV) ulianza kuwatoa wagonjwa kitandani katika nchi tajiri. Burundi ilisubiri. Vita vilikuwa vinaendelea, Mkataba wa Amani wa Arusha ulisainiwa mwaka 2000, na ARV zilienea polepole katika miaka iliyofuata, zikisukumwa na vyama kama ANSS na fedha za Mfuko wa Dunia. Leo maambukizi miongoni mwa watu wazima Burundi ni karibu mmoja kwa mia.

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, ARV zinatosha bila tibakemikali? Jibu lilitoka Durban. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwagawa wagonjwa 112: takriban nusu walipewa ARV pekee, waliobaki ARV pamoja na tibakemikali. Baada ya mwaka mmoja, waliopata nafuu ya saratani walikuwa 39 kwa mia katika kundi la kwanza na 66 kwa mia katika la pili. Idadi ya waliobaki hai haikutofautiana sana. Somo lake ni la busara: mwenye madoa machache aanze ARV na kufuatiliwa; mwenye ugonjwa mpana asicheleweshewe dripu ya tibakemikali.

2013–2020: Dawa tatu kwenye mizani

Ugonjwa mpana utibiwe kwa dawa ipi? Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikitumia bleomisini na vinkristini kwa sababu ni rahisi kupatikana. Wengine walipendekeza etoposidi, kwa kuwa ni kidonge na kidonge hakihitaji kitanda. Paklitakseli, ambayo chanzo chake ni gome la mti wa Amerika Kaskazini, ilionekana ghali na ngumu kwa mazingira yetu.

Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil ukaziweka dawa hizo kwenye mizani, kwa wagonjwa 334 wenye saratani iliyosambaa, wote wakiwa kwenye ARV. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalikuwa wazi. Baada ya wiki 48, ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele kwa nusu ya waliopewa paklitakseli, ikilinganishwa na mmoja tu kati ya watano wa etoposidi. Dhidi ya bleomisini na vinkristini, hesabu ilikuwa 64 kwa mia kwa 44 kwa mia. Dawa iliyodhaniwa kuwa si ya maskini ilikuwa ndiyo inayowafaa, na waliothibitisha hilo ni wagonjwa wenyewe, wengi wao wa Afrika.

Kwa angiosarkoma, yule ndugu mkali, dawa hiyohiyo imepimwa pia. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2008 uliwapa wagonjwa 30 paklitakseli kila wiki. Baada ya miezi miwili, karibu robo tatu yao ugonjwa ulikuwa umesimama au umerudi nyuma. Baada ya miezi minne, chini ya nusu. Ni nafuu ya kweli lakini fupi, nayo inatukumbusha kwamba jina "saratani ya mishipa ya damu" linabeba magonjwa yenye hatima tofauti. Bila kipimo cha nyama ya mwili, daktari hawezi kujua anapigana na yupi.

Gitega na Muyinga leo

Tangu mwaka 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Hata hivyo, utaalamu wa saratani na maabara za kuchunguza vipande vya nyama ya mwili vimejikita kwa muda mrefu Bujumbura, na nchi imeishi miaka mingi bila mashine ya tiba ya mionzi. Tangu Mei 2006 serikali hugharamia matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, hatua iliyookoa wengi. Mkulima wa miaka 40 mwenye vinundu mguuni hayumo katika msamaha huo. Hulipa, au huuza mbuzi, kisha shamba.

Kuna njia ya kwenda nje. Kaskazini mwa Rwanda, huko Butaro, kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu wa vijijini. Lakini baada ya machafuko ya 2015 mahusiano ya nchi hizi mbili yaliharibika, na Januari 2024 Burundi iliufunga tena mpaka wake na Rwanda. Kwa mtu wa Muyinga imebaki njia ya Kobero, kuingia Tanzania hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, au mbali zaidi hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kiswahili cha Muyinga, mji wenye Waislamu wengi na biashara ya mpakani, humsaidia mgonjwa kujieleza huko. Hakimlipii nauli.

Tiba ya Kaposi ni mizunguko ya dripu, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Anayeanza na kukatiza mzunguko wa pili kwa kukosa nauli amepata madhara ya dawa bila faida yake. Ndiyo sababu tarakimu nzuri za utafiti hushuka zikifika vijijini: katika utafiti mgonjwa hulipiwa usafiri na hupigiwa simu, jambo lilelile ambalo madereva wa Mulago walilifanya zamani.

Tunajua pia kwamba wilaya inaweza. Huko Neno, wilaya ya vijijini ya Malawi, wauguzi na matabibu wamewatibu wagonjwa wa Kaposi kwa vinkristini katika hospitali ya wilaya, kando ya kliniki ya ARV. Uganda na Kenya wafanyakazi wa afya wamefundishwa kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo, kazi ya dakika chache. Umuhimu wake ni mkubwa: katika utafiti mmoja wa nchi hizo mbili, takriban robo ya madoa yaliyodhaniwa kuwa Kaposi yalikuwa kitu kingine. Bila kipimo, mtu mmoja kati ya wanne angepewa sumu asiyoihitaji.

Kwa Burundi, basi, kazi iliyobaki ina mipaka inayoonekana. Kipande cha ngozi kikatwe Muyinga na Gitega, kisafirishwe Bujumbura, mgonjwa abaki nyumbani akisubiri jibu. Dripu itolewe hospitali ya karibu na muuguzi aliyefundishwa, siku ileile mgonjwa anapochukua ARV zake. Paklitakseli iwemo katika bohari ya taifa, na nauli ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba kama sindano inavyohesabiwa.

Nawe msomaji, uwe Gitega, Muyinga, Ngara au Kigoma, una sehemu yako. Tazama nyayo zako na za wazazi wako, tazama paa la mdomo kwenye mwanga. Ukiona doa jeusi au la zambarau lisiloondoka, usilifiche na usilipeleke kwanza kwa mchanjaji. Nenda ukapime damu, uombe kipande cha ngozi kichunguzwe, na ukianza dripu, maliza mizunguko yote. Aliyeacha katikati, mfuate nyumbani kwake, ubishe hodi, umwambie tarehe yake imefika.